Risasi Kumi na Moja za Ba'mdogo

Mtanda, Lindi
Ijumaa, baada ya alasiri

Wifi yangu mpenzi,

Mimi nimefika salama, ila kiuno changu nadhani bado kiko Somanga. Uliniambia nikifika tu nikupigie. Sikupiga, kwa sababu haya niliyo nayo hayaenei kwenye kifurushi cha jero. Jitengenezee chai, kaa kibarazani, usome pole pole. Na mwisho wa barua kuna jambo linakuhusu wewe na kaka, kwa hiyo usiiache katikati kama ulivyoiacha ile ya harusi ya Masasi.

Nyote mnajua nimekuja kwa arobaini ya Ba'mdogo. Msichokijua ni kile Ma'mdogo alichoninong'oneza kwenye simu wiki mbili kabla: "Mwanangu, baba yako mdogo ameacha bunduki kwenye sanduku la chuma, na risasi zake. Tangu azikwe mimi silali." Nikamuuliza ufunguo uko wapi. Akasema anao yeye, kaufunga kwenye pindo la kanga, na hicho hasa ndicho kinachomnyima usingizi.

Basi alfajiri nikapanda basi pale Mbagala. Ukitaka kwenda kusini huwezi kuikwepa Mbagala, na mimi siwezi kupita pale bila kukumbuka Aprili 29, 2009. Nilikuwa nafundisha Temeke wakati ule. Ghala la silaha la jeshi, kambi ya 671, lililipuka mchana, na mabomu yakawa yanaruka hadi kwenye nyumba za watu. Watoto walitawanyika, wengine walipatikana siku ya pili wakiwa mbali na kwao, wamekimbia bila kujua wanakokwenda. Zaidi ya watu 20 walikufa. Haijapita miaka miwili, Februari 16, 2011, usiku, ikawa Gongo la Mboto, kambi ya 511, mambo yale yale. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa dirishani, natazama wauza mahindi ya kuchoma Kizuiani, nilikuwa najiambia: kama jeshi zima, lenye maghala na walinzi, lilishindwa kulala salama na risasi zake, Ma'mdogo na pindo la kanga atalalaje?

Njia siku hizi ni lami tupu, wifi. Sisi tuliokulia enzi za pantoni la Ndundu, tukilala ukingoni mwa Rufiji na mbu wake, kila tukipita Daraja la Mkapa tunataka kumshika bega kijana wa kiti cha jirani tumwambie kuwa hili lilifunguliwa 2003 tu, kabla ya hapo hukujua utafika lini. Nilimshika. Akavua spika za masikioni, akasema "Ehee, bibi," akazirudisha. Somanga basi lilisimama, vijana wakaja dirishani na samaki wa kukaanga na pweza. Ndipo palipokatika barabara kwa mafuriko ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, kusini yote ikawa kisiwa. Nilinunua changu wawili. Mmoja nilimla, mwingine nilimwekea Ma'mdogo, akanuka basi zima hadi Mchinga, na sikuomba radhi.

Nangurukuru tulikata moja kwa moja, Kilwa Kivinje ikabaki kushoto. Safari nyingine nitashuka niende nikauone ule Mwembe Kinyonga, alipotundikwa Hassan bin Omari Makunganya na wenzake mwaka 1895 kwa kuwapinga Wajerumani. Nimekuwa nikiwafundisha watoto habari zake miaka 30 na mwembe wenyewe sijauona. Mwalimu wa historia wa namna gani huyu!

Lindi unaijua, imeshuka hadi baharini kama mtu aliyekaa kitako akachovya miguu majini. Mtanda ni kata ya mjini humo humo. Nyumba ya Ba'mdogo iko vile vile: mwembe uani, baraza ya saruji, na bati linalolia jua likizama. Ndugu walishajaa. Arobaini imesomwa vizuri, pilau halikupungua, na Mungu amjalie kauli thabiti. Nisije nikakuchosha na hayo, maana ulishasimuliwa na wengine watatu kabla yangu, nawajua.

Asubuhi baada ya hitima, wageni walipopungua, Ma'mdogo akaniita chumbani. Sanduku limefungwa kwa bolti ukutani, nyuma ya kabati la nguo. Sanduku la pili, dogo, liko chini ya kitanda. Nikamwambia hatufungui kitu. Tukampigia mwenyekiti wa mtaa, naye akampigia Polisi Kata. Binamu yetu mkubwa alinuna: "Dada, yaani bunduki ya baba yetu mpaka serikali ije itufungulie?" Nikamwambia bunduki ni ya baba yetu, ila ruhusa ilikuwa ya baba yetu peke yake, na ruhusa imezikwa naye. Nilijisikia nimesema kitu kikubwa. Baadaye nikagundua kuwa ndivyo sheria inavyosema, nilikuwa nimebahatisha.

Polisi Kata akaja kwa bodaboda. Mwanamke, umri wa binti yako mkubwa, sare imepigwa pasi hadi unaweza kukatia nyanya. "Shikamoo bibi, poleni na msiba." Ma'mdogo akaitikia marahaba, akafungua pindo, akautoa ufunguo, na nakuapia wifi, mabega ya yule mama yalishuka kama aliyetuliwa ndoo.

Bunduki yenyewe ni shotigani ya mitutu miwili, kongwe, kitako kimepakwa mafuta hadi kinang'aa. Yule binti akaifungua, akachungulia mitutu kuhakikisha ni mitupu, akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma, akailinganisha na ya kwenye kitabu cha leseni. Halafu akasema, "Sasa risasi." Kwenye kasha dogo chini ya kitanda kulikuwa na boksi la katoni, na ndani risasi nyekundu zenye kitako cha shaba. Akazihesabu kwa kuzipanga juu ya mkeka wawili wawili, mwisho ikabaki moja pweke. Kumi na moja. Akafungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa manunuzi: ishirini na tano, mwaka 2013.

Pale ndipo nilipojifunza mambo, na naomba unisikilize maana nilimhoji kama nilivyokuwa nikihojiwa na wakaguzi wa elimu.

Sheria inayotumika sasa ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Nyuma yake kuna Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika ziliisaini zikiwa zimechoka kuona silaha zinavuka mipaka kama nyuki. Raia anaweza kumiliki bunduki, lakini haanzii dukani. Anaanzia kwa majirani zake: serikali ya mtaa, kisha kamati za ulinzi na usalama zinazopanda ngazi hadi wilaya na mkoa, na polisi wakimchunguza yeye ni nani, anaitaka ya nini, ataiweka wapi. Akipata leseni, bado hajapata risasi. Risasi zina ruhusa yake. Kibali kinataja aina na idadi, anakipeleka kwa muuzaji ambaye naye ana leseni ya kuuza, na zilizonunuliwa zinaandikwa. Muuzaji ana daftari lake, mnunuzi ana kitabu chake, polisi wana rejesta yao. Daftari tatu kwa kitu kinachoenea kiganjani.

"Kwa nini risasi zihesabiwe hivyo wakati bunduki ndiyo kubwa?" nikamuuliza.

Akacheka. "Mwalimu, bunduki ina namba. Ikiibiwa leo, ikikamatwa Tunduru baada ya miaka kumi, namba inasema ilitoka kwa nani. Risasi moja moja ukiipa mtu mfukoni, nani atajua? Ndiyo maana tunazibana kabla hazijatoka."

Nikakumbuka usemi wa wazee wa biashara: mali bila daftari hupotea bila habari. Nilidhani ni wa wauza duka.

Na kuhusu kuhifadhi, Ba'mdogo alipata sifa ambazo hakuwahi kuzipata akiwa hai. Bunduki mahali pake, risasi mahali pake, chuma, kufuli, ukuta. Kitabu kimelipiwa. Hata ule uhakiki wa silaha wa nchi nzima wa mwaka 2016 alijipanga foleni. Polisi Kata alisema wapo anaokuta wameegesha bunduki nyuma ya mlango pamoja na fagio.

Sasa zile kumi na nne zilizopungua. Yeye alisema kazi yake ni kuhesabu zilizo hai, na zilizopigwa zimepigwa. Lakini Ma'mdogo hakuridhika. Mume wake, alisema, hakuwa mtu wa kupiga ovyo, na kila aliyoipiga aliokota ganda lake. Akaleta kopo la maziwa ya unga. Tukalimwaga mkekani: maganda kumi na mawili. Akayashika moja moja. Hili la nguruwe wa mwaka wa njaa. Haya mawili ni ya usiku ule waliposikia simba nyuma ya dungu kule shambani Ng'apa, akapiga hewani. Wifi, mwanamke huyu anaijua ndoa yake kwa maganda ya risasi.

Usicheke habari za simba. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, na pwani hii ya kusini ndiyo iliyoumia kuliko kwingine. Watafiti walipofuatilia waligundua chanzo kisicho na ukali wowote: nguruwe pori. Nguruwe wanakula mihogo na mahindi, mkulima analala kwenye dungu shambani kuwafukuza, na simba anawafuata nguruwe. Akifika anamkuta mtu, tena amelala. Huku wengi wetu ni Waislamu, nguruwe hana mlaji, anazaana tu. Ndiyo sababu Ba'mdogo aliomba bunduki, wala hakuwahi kuwa mwindaji. Ombi lake, nakala iko kwenye bahasha, sababu imeandikwa kwa mwandiko wake wa mviringo: *kulinda mazao na roho*.

Maganda kumi na mawili, risasi kumi na moja. Ishirini na tatu. Yalibaki mawili, na mjukuu mdogo alianza kuangalia miguu yake. Akatoa moja mfukoni. Ukipuliza mdomoni mwa ganda tupu linalia filimbi kali, na alikuwa akilipuliza mtaa mzima tangu Ramadhani. Polisi Kata akaliomba, akapuliza mara moja, akamrudishia. Akaandika: risasi hai kumi na moja. Ma'mdogo akaweka sahihi, mwenyekiti akashuhudia, bunduki na risasi zikaondoka kwa gari la polisi, si kwa bodaboda. Ma'mdogo akalala mchana huo hadi magharibi.

Jioni nikakaa na wazee wa bao wa hapa mtaani. Wameshazoea kuniona nikicheza, na wameshazoea kunishinda. Mmoja wao, mzee wa miaka themanini na ushee, alikuwa ameona gari la polisi, akaanza mwenyewe. Akanitajia maneno ambayo nyinyi vijana hamyajui tena: *gumegume*, ile bunduki ya jiwe, *marisau*, vile vichembe vya risasi vya kupigia ndege, *fataki*, ambayo kabla haijawa ya sikukuu ilikuwa kikofia cha kuwashia baruti. Na *mzinga*, alisema, ni mmoja wa nyuki na mmoja wa vita, yote miwili ukiigusa vibaya unakimbia. Nikamwambia hata lile shirika la jeshi la Morogoro linalotengeneza risasi linaitwa Mzinga. Akafurahi sana, kana kwamba walimuuliza yeye jina.

Vibali hivi, wifi, si vya jana. Zamani za biashara ya pembe na watumwa, bunduki na baruti zilishuka kwenye bandari za pwani hii kama nguo na shanga, zikapanda bara na misafara. Kisha Julai 1890 mataifa ya Ulaya, pamoja na Zanzibar, yakatia saini Mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba wa kukomesha utumwa, lakini ndani yake waliweka kufuli: kuanzia nyuzi 20 kaskazini hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa marufuku kuuzwa ovyo, na silaha na baruti zinazoingia ziwekwe kwenye ghala la serikali, zisitoke bila kibali. Gumegume na baruti ya biashara waliziachia kamlango kadogo. Mwaka huo huo, mwezi Mei, Mjerumani Wissmann alikuwa ameshazichukua Kilwa na Lindi kwa meli za kivita. Kwa hiyo yule aliyepewa ufunguo wa ghala ndiye aliyekuja na mizinga. Hilo mtoto wa darasa la saba atalielewa bila kuelezwa.

Miaka kumi na mitano baadaye, Julai 1905, Wamatumbi waling'oa pamba ya serikali kule Nandete, kwenye milima ya Kilwa, na Maji Maji ikaanza. Tumeifundisha siku zote kama habari ya imani, kwamba maji ya mganga Kinjikitile yatageuza risasi kuwa maji. Nikiwa nimekaa pale na wale wazee, kwa mara ya kwanza niliifikiria kama habari ya ghala. Watu waliofungiwa risasi wangefanya nini? Waliombea zile za mwenzao ziharibike.

Na kituko ni kwamba kuna siku ziliharibika kweli, tena kwenu huko Tanga! Aprili 1915, Wajerumani wamezingirwa na meli za Waingereza, meli yao iitwayo Rubens ikaingia ghuba ya Manza na shehena ya silaha, ikakimbizwa, ikazama kwenye maji mafupi. Wapiga mbizi wakazitoa risasi chini. Ikabidi zifunguliwe moja moja, baruti ianikwe, zifungwe upya. Nyingi zilipopelekwa vitani hazikulia. Risasi zilikuwa maji, miaka kumi baada ya Kinjikitile kunyongwa. Mwaka uliofuata, Machi 1916, wakaleta nyingine, Marie, safari hii huku kwetu, ghuba ya Sudi, kusini kidogo ya hapa. Shehena ilifika nzima: mizinga na marundo ya risasi. Lakini njia ya lori haikuwapo. Ilipanda bara juu ya vichwa vya watu. Yule mzee anasema babu yake alikuwa mmoja wao, na kwamba hadi kufa kwake utosi wake ulikuwa na upara wa duara mahali lilipokaa sanduku. "Hakuwahi kupiga risasi hata moja," akasema, huku akichukua kete zangu nne. "Alizibeba tu."

Nikaja kulala nikimwaza babu huyo. Katika daftari zote tatu za leo hakuna pa kuandika mchukuzi.

Kesho yake nilishuka sokoni kununua samaki, na huko nako sikusalimika na baruti. Unakumbuka miaka ile Lindi na Kilwa samaki walikuwa wanakuja wamelegea, ukipasua unakuta mfupa umevunjika ndani na nyama nzima? Hao ni wa mabomu. Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza, na kabla yake ilikatazwa, na watu walipiga tu. Mvuvi mmoja wa makamo alinionyesha kwa mkono upande wa Kitunda, akasema kuna miamba kule aliyoijua imejaa rangi akiwa mtoto, sasa ni kifusi. Nikamuuliza baruti walikuwa wanaipata wapi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa chumvi inatoka wapi. "Kwenye machimbo, mama. Kwenye kokoto." Yaani baruti halali, iliyonunuliwa kwa kibali halali ya kupasulia mawe, ikatoka stoo bila daftari. Msako wa vyombo vingi pamoja uliposhika kasi, kufikia mwaka 2018 milio ikapungua sana pwani nzima. Mwamba lakini haujui kuwa operesheni imefaulu. Unaota kwa miaka, kidole kwa kidole.

Nikanunua kolekole, nikambonyeza kwanza. Alikuwa mgumu vizuri.

Binamu yetu yule mnunaji amebadilika. Shamba la Ng'apa sasa ni lake, mikorosho imechanua, na nguruwe hawajui kuwa mzee amefariki. Alitaka aibakize bunduki. Polisi Kata alimweleza kwa upole kuwa leseni hairithiwi kama mkorosho: aombe mwenyewe, kwa jina lake, aanzie kwa mwenyekiti kama baba yake alivyoanza, na bunduki itamsubiri kituoni hadi ijulikane. Binamu akasema, "Korosho nazo ziko kwenye stakabadhi ghalani, bunduki nayo stakabadhi ghalani, mimi nyumbani kwangu nitabaki na nini?" Tulicheka hadi Ma'mdogo akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Jana nimemsaidia kuandika barua ya ombi. Kwenye sababu nilimwambia aandike kama baba yake.

Ungedhani habari imeishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Jana hiyo hiyo jioni tulikuwa tunafunga nguo za marehemu ili zigawiwe sadaka. Kanzu tano, suruali, koti lake la shamba la kaki, lile zito. Mzigo ulishafungwa kamba, kijana wa msikiti ameshafika mlangoni. Ma'mdogo akasema, "Hebu, nimnuse mara ya mwisho." Akafungua, akalitoa koti, akaweka uso. Kisha akatulia. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani, akautoa taratibu, akanifumbulia kiganja.

Nyekundu, kitako cha shaba. Nzima.

Wifi, nilikaa chini. Tulikuwa tumehesabu maganda, tumecheka na filimbi, tumetia sahihi, na ya ishirini na tano ilikuwa mfukoni mwa koti linalokwenda kwa mtu tusiyemjua, mwenye watoto tusiowajua. Ma'mdogo ndiye aliyeelewa kabla yangu. "Ni ile ya njiani," alisema. Kila alipotoka Ng'apa jioni alitoa zote kwenye bunduki, isipokuwa moja aliiweka karibu na moyo hadi afike nyumbani. Siku aliyougua alirudishwa kwa gari la watu. Koti lilitundikwa, na hakuna aliyekumbuka.

Tukampigia Polisi Kata. Akaja tena, usiku, bila kununa. Akaandika karatasi upya: kumi na mbili. Ma'mdogo akatia sahihi ya pili, herufi kubwa kubwa kama mtoto wa shule, akasema, "Sasa amemaliza." Mzigo wa nguo ukaondoka asubuhi hii.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Darini kwenu, juu ya chumba cha wavulana, upande wa tangi la maji, kuna gunia la mkonge limefungwa kwa waya. Mimi nalijua, kaka analijua, na wewe nadhani unadhani ni vyuma vya baiskeli. Ni gobole la marehemu baba, la tangu enzi alipokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, la kufukuzia ngedere. Halina kitabu, halijawahi kuwa nacho. Na kama namjua baba, kando yake kuna kibuyu, na ndani ya kibuyu si ugoro. Msikitikise, msikisogeze karibu na moto, wala msipande na kibatari. Watoto wakatazwe dari.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kila mwaka uwe wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na hapa kwetu serikali imewahi kutoa misamaha hiyo bila kumshtaki mtu. Kaka aende kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu, aulizie utaratibu wa huko, waje wao wenyewe walishushe. Asilibebe kwenye bajaji akijifanya anapeleka mchi. Namjua.

Nitarudi wiki ijayo, Inshallah, na korosho kilo mbili, na changu wa Somanga kama dereva atasimama. Msalimie kaka, wabusu watoto. Ma'mdogo anakusalimu sana, anasema umenenepa kwenye picha, na amesema kwa wema.

Wifi yako.